Wavu wa Kukunja Dirishani mwa Gari: Hewa Iingie, Mbu Abaki Nje

Ukitoka mjini Tanga kwa barabara iendayo Pangani, baada ya mwendo wa kilomita 17 hivi utafika Tongoni. Jina hilo latokana na tongo, yaani mahali palipohamwa na watu, na kweli hapo pamesimama magofu ya mji wa kale ulioitwa Mtangata: msikiti uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na makaburi yapatayo 40, baadhi yake yakiwa na nguzo. Wageni huja mchana kuyatazama, kisha hurudi mjini jua likielekea kuzama. Makala haya hayahusu wageni wa mchana. Yanamhusu mtu anayebaki katika pwani hii usiku, akiwa ndani ya gari.

Katika vijiji vya wavuvi kati ya Tanga na Pangani, saa za kazi hupangwa na maji. Wavuvi wa dagaa hupendelea usiku wa giza, taa zao zipate kuwavuta samaki, na vyombo hurudi bahari inaporuhusu. Gari linalofuata samaki hulazimika kuwahi na kusubiri. Dereva na utingo wake hulaza viti, wakalala hapo hapo. Vivyo hivyo hufanya dereva wa lori aliyeharibikiwa na gari, dereva wa basi linaloondoka alfajiri, na ndugu waliomleta mgonjwa hospitalini wakakosa pa kulala.

Mtu huyu anakabiliwa na uamuzi ambao kila mkazi wa pwani anaufahamu. Akipandisha vioo, baada ya muda mfupi atalowa jasho na hewa itakuwa nzito. Akivishusha, mbu wataingia. Wengi huvishusha, kwa kuwa joto hulisikia papo hapo, ilhali malaria humfikia mtu siku kadhaa baadaye, pengine akiwa mahali pengine kabisa. Ndipo tunapofikia kifaa kidogo ambacho hakijazoeleka sana kwetu: wavu wa kukunja unaovutwa kuziba dirisha la gari, kisha ukarudishwa mahali pake asubuhi.

Saa za mbu na saa za dereva

Mbu wanaoeneza malaria, wa jamii ya Anofelesi, huuma usiku, na kwa kawaida huzidisha kuuma kuanzia usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Katika ukanda wa mikoko, kama ule unaozunguka Tongoni, yupo hata aina ya Anofelesi aitwaye merus, ambaye mabuu yake hukua katika vidimbwi vya maji ya chumvichumvi. Mbu wa jamii ya Kyuleksi, wanaozaliana katika maji machafu ya vyoo na mitaro, nao huuma usiku. Hao ndio wanaoeneza katika pwani yetu vimelea vya matende na mabusha. Inafaa kukumbuka kwamba vichanga vya vimelea hivyo hufurika katika damu ya mgonjwa nyakati za usiku, hasa karibu na saa sita, yaani wakati ule ule mbu anapotafuta chakula.

Basi tazama hali ilivyo. Dereva wetu huenda anacho chandarua chenye dawa, alichopewa kliniki au katika kampeni ya serikali. Kimetundikwa nyumbani, juu ya kitanda ambacho usiku huu yeye hayupo. Kinga aliyopewa imefungwa mahali pamoja, naye kazi yake ni ya kuhama. Wataalamu wa malaria wameeleza kwa miaka mingi kwamba sehemu ya maambukizi yanayosalia, hata katika jamii yenye vyandarua vingi, hutokea kwa watu walio nje ya chandarua: wavuvi, walinzi, wachuuzi, wanaokesha misibani na harusini, na wasafiri. Gari lililoegeshwa usiku ni chumba chenye madirisha, na anayelala humo anahitaji kinga kama anayelala nyumbani.

Somo lililoanzia kwenye reli

Fikra ya kuziba dirisha kwa wavu ili kuzuia malaria ina umri wa zaidi ya miaka 120, na ilijaribiwa mapema kwa wafanyakazi wa usafiri. Mwaka 1897, Ronald Ross, aliyekuwa daktari wa jeshi nchini India, aligundua vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Muda mfupi baadaye, wataalamu wa Kiitalia Angelo Celli na Giovanni Battista Grassi walianza kuweka wavu katika madirisha na milango ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Reli hizo zilipita katika mabonde yenye malaria kali, na watumishi wake walikuwa wakiugua kila mwaka. Katika jaribio la Grassi la mwaka 1900, zaidi ya watu 100 waliishi katika nyumba zilizozibwa kwa wavu, wakajifungia humo saa za mbu. Karibu wote walisalimika, ilhali karibu majirani wao wote wasiokingwa waliugua.

Mwaka huo huo, madaktari Louis Sambon na George Low walikaa kwa msimu mzima wa malaria katika kibanda chenye wavu karibu na Ostia, si mbali na Roma. Waliingia ndani kabla jua halijazama, wakatoka baada ya kuchomoza, na hawakumeza kwinini. Madirisha yao yalikuwa wazi usiku kucha, yakipitisha ile hewa ya kinamasi ambayo watu wa zama hizo waliiamini kuwa ndiyo inayoleta homa. Hawakuugua. Jaribio hilo lilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa kwa karne nyingi: hewa ya usiku na mbu wa usiku. Hewa ilikuwa haina hatia.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka barani mwetu. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizozibwa kikamilifu, yaani milango, madirisha na mianya ya chini ya paa, na nyumba zisizozibwa. Mbu ndani ya nyumba zilizozibwa walipungua kwa asilimia 59. Upungufu wa damu kwa watoto, ambao ni matokeo makubwa ya malaria ya mara kwa mara, ulikutwa kwa asilimia 19 ya watoto wa nyumba zilizozibwa, na asilimia 30 ya watoto wa nyumba zisizozibwa.

Mkoa wa Tanga wenyewe una nafasi yake katika historia hii. Wilayani Muheza, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake cha Amani, vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa vijijini mapema, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1991, kabla chandarua chenye dawa hakijawa kitu cha kawaida nchini. Kwa hiyo watu wa Tanga si wageni katika sayansi ya kuweka kitambaa kati ya mtu na mbu. Kilichobaki ni kuipeleka sayansi hiyo mahali ambapo baadhi yao hulala kweli.

Jinsi wavu wa kukunja unavyofanya kazi

Umbo la kifaa hiki ni jepesi. Kuna kisanduku chembamba kinachofungwa kwenye ukingo wa dirisha. Ndani yake mna mhimili wenye springi, na wavu umezungushwa kwenye mhimili huo. Ukivuta kishikio, wavu hutoka na springi hukazwa. Ukikinasa kwenye ndoano za upande wa pili, wavu husimama ukiwa umenyooka. Asubuhi ukikiachia, springi huurudisha wavu ndani. Zipo namna nyingine zinazofanya kazi ile ile bila springi: pazia la wavu lililobandikwa kwa sumaku kwenye fremu ya chuma ya mlango, na mfuko wa wavu unaonyumbuka ambao huvishwa mlango mzima kutoka juu, kama soksi inavyovaa mguu.

Mambo matatu ndiyo huamua iwapo wavu utamkinga mtu au utampamba tu. La kwanza ni ukubwa wa matundu. Wavu wa kawaida wa chandarua una matundu yapatayo 156 katika kila inchi moja ya mraba, na upana wa tundu usizidi milimita moja na nusu. Pazia la jua linalouzwa madukani kwa ajili ya magari huwa na kazi nyingine. Hupunguza mwanga, lakini mara nyingi halifungi kingo za dirisha. Mtu asidhani kwamba kila kitambaa cheusi dirishani ni kinga ya mbu.

La pili ni mianya. Mbu haji kwa bahati. Humfuata mtu kwa hewa anayoitoa puani, yenye gesi ya kabonidayoksaidi, na kwa harufu ya mwili wake. Hewa hiyo hutoka garini kupitia uwazi wowote uliopo, na mbu huifuata hadi kwenye uwazi huo. Ndiyo maana wavu mzuri unaoacha pengo la upana wa kidole pembeni hauna faida kubwa. Milango ya magari ina kingo zilizopinda, na hapo ndipo vifaa vingi vya bei nafuu hushindwa. Kabla ya kununua, uvute wavu juu ya dirisha lenyewe, kisha pitisha kidole ukingoni kote. Kidole kikipita, mbu naye atapita.

La tatu ni upepo. Wavu wowote hupunguza upepo unaopita, na kadiri matundu yanavyokuwa madogo ndivyo upepo unavyozidi kupungua. Kwa sababu hiyo dirisha moja lenye wavu halitoshi. Yafunguliwe madirisha mawili yanayokabiliana, yote yakiwa na wavu, na gari liegeshwe ubavu wake ukielekea upepo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, upepo hutoka kusini. Wakati wa kaskazi, hutoka upande wa kaskazini mashariki. Mwenyeji wa pwani hana haja ya kufundishwa hayo. Aliyetoka bara na lori lake amuulize mwenyeji.

Asiyeweza kununua kifaa cha springi anaweza kutengenezewa pazia la wavu na fundi cherehani. Pima fremu nzima ya mlango, siyo kioo pekee, na uongeze upana wa viganja viwili kila upande. Shona mpira wa kunyumbuka kwenye ukingo wote. Fungua mlango, uvishe wavu kwenye fremu kutoka juu, kisha ufunge mlango ili uubane. Kitambaa cha wavu hununuliwa kwa mita madukani. Tunaomba jambo moja: usikate chandarua chenye dawa ambacho bado mtu wa nyumbani analalia. Huo utakuwa ni kumkinga baba kwa kumvua mtoto.

Wasafiri wasiolipa nauli

Wavu una kazi nyingine isiyofikiriwa sana. Gari haliwabebi watu peke yao. Nchini Hispania, watafiti waliyakagua magari 770 na kuwakuta humo mbu wa jamii ya Aedesi wenye mistari myeupe, wakisafiri na madereva wasio na habari. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba katika eneo la Barcelona maelfu ya mbu hao husafirishwa kwa magari kila siku. Kwetu, Aedesi ndiye mwenezaji wa homa ya dengue, ambayo wazee wa pwani waliifahamu kwa jina la kidingapopo. Mlipuko wa mwaka 2019 uliathiri Dar es Salaam zaidi, lakini Tanga nayo ilipata wagonjwa. Aedesi huuma mchana. Kwa hiyo gari lililoachwa wazi chini ya mwembe adhuhuri nalo linahitaji wavu.

Tena yupo mbung'o, anayeitwa ndorobo katika sehemu nyingine. Anayeendelea na safari kutoka Tongoni hadi Pangani, akavuka mto na kushuka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Saadani, huingia katika eneo la mbung'o. Sehemu ya kaskazini ya hifadhi hiyo ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyoanza miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000, na katika miaka yote hiyo ng'ombe wake walilazimika kupewa dawa dhidi ya ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na kitu chenye rangi nzito, hasa buluu na nyeusi, na hasa kikiwa kinakwenda. Gari linalosogea polepole porini ni mwaliko kwake. Wasafiri hufunga vioo, wakateseka kwa joto. Au huvifungua, wakateseka kwa kuumwa. Kwa kuwa mbung'o ni mkubwa, wavu wowote madirishani mwa nyuma humzuia. Ugonjwa wa malale kwa binadamu ni nadra siku hizi nchini, lakini haujatoweka, na kuumwa na mbung'o kwenyewe ni maumivu ambayo hakuna sababu ya kumwachia mtoto ayavumilie.

Yale ambayo wavu hauyazuii

Kila kinga ina mpaka wake, na ni wajibu wetu kuitaja mipaka hii waziwazi.

Wavu hauzuii joto la gari lililoegeshwa juani. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua vioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Mtoto, mzee au mgonjwa asiachwe ndani ya gari mchana, hata kama kila dirisha lina wavu, na hata kama mzazi anakwenda dukani kwa dakika chache tu.

Wavu hauzuii moshi wa injini. Anayelala na injini ikiwaka ili apate ubaridi anajiweka katika hatari ya gesi ya kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa usingizini. Injini izimwe kabla ya kulala.

Dawa ya mbu ya kuchoma nayo haifai ndani ya gari. Watafiti waliopima moshi wake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2003, waligundua kwamba kuunguza duara moja hutoa chembechembe laini za moshi sawa na zile za sigara 75 hadi 137. Katika chumba kidogo kama kile cha lori, moshi huo wote huingia mapafuni mwa watu wawili. Ni heri wavu na, kwa sehemu za mwili zilizo wazi, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu.

Mwisho, wavu hauna nafasi kwenye dirisha la dereva gari linapokwenda. Huziba macho kwenye kioo cha pembeni, hasa usiku. Hapa ndipo uzuri wa wavu unaokunjwa unapoonekana: dereva huurudisha kwa mkono mmoja kabla ya kuwasha gari, wala halazimiki kuuvua na kuutupa nyuma ya kiti, ambako usiku unaofuata hatautafuta.

Nani anunue?

Dereva wa gari la samaki hupata ujira mdogo, na mara nyingi gari si lake. Mwenye gari hununua tairi la akiba na jeki bila kuulizwa, kwa kuwa anajua hasara ya gari kusimama njiani. Dereva mwenye malaria naye husimamisha gari, na mara nyingi kwa siku nyingi kuliko pancha. Tunawashauri wenye magari, vyama vya madereva na viongozi wa masoko ya samaki waihesabu seti ya nyavu za madirisha kuwa kifaa cha gari, kiwe cha springi au cha kushonwa na fundi. Wavu hauchukui nafasi ya chandarua, wala ya kipimo, wala ya dawa mseto. Unaziba pengo ambalo chandarua cha nyumbani hakiwezi kulifikia.

Nawe msomaji, ikiwa kazi yako hukulaza garini, chukua hatua mbili. Usiku ujao, kabla hujalaza kiti, pitisha kidole ukingoni mwa dirisha lako. Na ukipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kulala mahali penye mbu, usinunue dawa kwa kubahatisha. Nenda kwenye kituo cha afya, upimwe, na umweleze mhudumu ulikolala na muda uliolala huko, hata kama ni ndani ya gari, ufukweni, ukisubiri vyombo virudi.